Mstaafu Hulipwa Mwisho

Sikonge iko mbali na mpaka wowote ule. Ukitoka Tabora mjini unashika barabara ya kusini kama kilomita 70, ndani ya miombo, ukipita mashamba ya tumbaku na mabani yake ya kukaushia, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu ya miti. Kutoka hapa hadi Namanga, mpakani na Kenya, ni safari ya kuvuka karibu nusu ya nchi. Hata hivyo, Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya tarehe 4 Februari 1977, kishindo kilifika mpaka huku. Kilianzia dukani, kikaja relini, na mwisho kabisa, watu wakiwa wameshazeeka, kikaingia kwenye bahasha ya khaki ya mzee aliyekuwa mtumishi wa Reli ya Afrika Mashariki.

Tangu Waingereza walipopiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, tarehe 23 Juni 2016, habari za Brexit zimesomwa huku kwetu kama ugomvi wa majirani wa mbali. Mimi nazisoma kwa namna nyingine. Sisi tulishavunja Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki karibu miaka 40 kabla yao, na kwa mambo kadhaa yetu ilikuwa imefungamana kuliko ile ya Ulaya: reli moja, posta moja, bandari chini ya shirika moja, shirika moja la ndege, na mpaka mwaka 1966 hata shilingi moja. Anayetaka kujua kuvunjika kwa jumuiya kunamfanya nini mtu wa kawaida anayenunua, anayesafiri na anayestaafu, ushahidi wa kutosha uko mkoani Tabora. Nao unaonyesha kwamba majeraha haya matatu hayaponi kwa kasi moja. Duka hupona kwanza kwa kuwa mfanyabiashara ana faida anayoitafuta. Njia hufuata kwa kuwa serikali zinaihitaji. Mstaafu hupona mwisho, au hafiki kupona, kwa kuwa hakuna anayepata faida kwa kumlipa, naye ndiye mwenye muda mchache kuliko wote.

Umoja wetu haukuanza na uhuru. Kenya na Uganda zilianza kuwa na forodha moja mwaka 1917, Tanganyika ikaingizwa katika miaka ya 1920, na huduma za pamoja zikakua chini ya utawala wa Waingereza. Viongozi wa nchi huru walipotia saini mkataba wa Jumuiya mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967, walikuwa wanaipa sura ya Kiafrika nyumba waliyoikuta imeshasimama. Makao makuu yalikwenda Arusha. Mashirika makubwa yakagawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala.

Kwa Tabora, lililogusa maisha ya watu kila siku lilikuwa reli. Treni ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likafika ziwani mwaka 1928. Mji ukawa njia panda. Kota za reli zikajaa mafundi, madereva, makarani na wapiga ishara kutoka pande zote tatu za Afrika Mashariki, kwa maana mtumishi wa reli alipangiwa kituo popote reli ilipofika. Leo Tabora, kesho Kisumu, baada ya miaka michache Jinja. Vijana wa vijiji vya Unyamwezi, Sikonge ikiwamo, walioingia kazi ya reli hawakujiona wamekwenda nchi za nje. Mwajiri alikuwa mmoja, na ahadi ya uzeeni ilikuwa moja: ukimaliza utumishi utapata kiinua mgongo na pensheni yako, urudi nyumbani ukajenge.

Tanzania haikufunga mpaka kwa hasira tu. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na biashara ndani ya Jumuiya ilielemea upande huo kwa miaka mingi. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na chombo cha juu cha Jumuiya, yaani kikao cha marais watatu, kikakosa kukutana. Chini yao mashirika yakaanza kubaniana fedha. Kila nchi ikasita kupeleka mapato yake makao makuu. Shirika la ndege likaanguka mwanzoni mwa mwaka 1977, Kenya ikaanzisha lake, nasi tukafunga mpaka. Ilipofika tarehe 30 Juni hapakuwa na bajeti ya mwaka unaofuata, Jumuiya ikafa. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyepigishwa kura. Waingereza, kwa hasara zao zote, angalau waliulizwa.

Sasa tuingie dukani. Bidhaa nyingi za viwandani zilizojulikana Tanzania katika miaka ya Jumuiya zilitoka Nairobi: mafuta ya Kimbo, siagi ya Blue Band, sabuni ya unga ya Omo. Kopo la Kimbo halikutupwa. Likiisha mafuta lilihifadhi chumvi, likapimia mchele na karanga sokoni. Mpaka ulipofungwa, njia halali ya bidhaa hizo ikakatika siku moja.

Lakini lazima nitende haki hapa, maana ni rahisi kuibebesha Februari 1977 mizigo isiyo yake. Kabla ya mpaka kufungwa maduka ya watu binafsi vijijini yalikuwa yameshapigwa na Operesheni Maduka, kampeni ya serikali ya mwaka 1976, na vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka huohuo. Baada ya mpaka kufungwa, Amin alivamia Kagera Oktoba 1978, vita vikala fedha za kigeni, na bei ya mafuta duniani ikapanda tena mwaka 1979. Uhaba wa miaka ile ulikuwa na wazazi wengi. Kufungwa kwa mpaka kulichangia kwa namna ya pekee: kuliondoa jirani ambaye mtu angeweza kumkimbilia viwanda vya nyumbani vinapokosa malighafi. Uingereza nayo ilikumbwa na mchanganyiko kama huo. Brexit ilikamilika kipindi cha Korona, ikafuatwa na vita vya Ukraine na kupanda kwa bei ya chakula na nishati, na mpaka leo wanabishana ni senti ngapi za bei ya mkate zitoke kwenye akaunti ya nani. Ubishi huo hautakwisha, nao huwasaidia wanasiasa wa kila upande.

Anayekumbuka miaka ile Unyamwezi hana haja ya takwimu. Sukari, sabuni, chumvi, khanga na mafuta ya taa vilitoka kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, vikaenda kwenye duka la kijiji, na hapo vikagawiwa kwa kaya kupitia balozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa na daftari. Jina lako likiwa ndani, unapata kilo yako. Zikiisha kabla foleni haijakufikia, unarudi na kikapu kitupu kusubiri mgawo mwingine ambao hakuna aliyejua utakuja lini. Watu walifua kwa sabuni za kupika nyumbani, wakavaa katambuga za tairi. Mahali penye nyuki kama Sikonge chai haikukosa utamu. Ila asali haiwashi taa, na mtoto hawezi kuivaa kwenda nayo shule.

Kilichoumiza zaidi hakikuonekana kwenye rafu. Mkulima wa tumbaku hulima ili apate fedha, na hutafuta fedha ili anunue kitu. Kazi yenyewe ni ngumu: kitalu, kuhamisha miche, kukata kuni za bani, kukesha ukiangalia moto jani likauke bila kuungua. Mtu akimaliza yote hayo, akapokea malipo yake, akakuta hakuna bati, hakuna baiskeli, hakuna kitambaa, ataanza kujiuliza kwa nini amelima ekari zote zile. Nchi nzima ilikuta wakulima wanarudi nyuma kwenye mazao ya biashara, na serikali ikawa inahubiri juhudi kwa watu waliokuwa wameshapiga hesabu zao vizuri tu. Duka tupu ni kodi inayotozwa kwa jasho lililokwisha kumwagika.

Hapo ndipo neno magendo lilipokua mdomoni mwa kila mtu. Mali ileile ya Kenya, iliyokuwa jana inakuja kwa lori mchana, ikaanza kuja usiku kwa njia za panya, na bei ikabeba gharama ya hatari. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Watu wakakamatwa, na wengine kwa hofu wakatupa bidhaa zao vichakani na mitoni. Najua wapo wanaomkumbuka Sokoine kwa mapenzi makubwa, nami naheshimu uadilifu wake. Lakini msako haukuleta sukari. Kilicholeta bidhaa ni mambo mawili yaliyofuata: mpaka kufunguliwa baada ya marais Nyerere, Moi na Obote kukutana Arusha Novemba 1983, na bajeti ya mwaka 1984 kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana. Ali Hassan Mwinyi alipoapishwa Novemba 1985, mlango ulikuwa umeshafunguka nusu, akaumalizia. Mitumba ikaja, sabuni ikarudi. Kuanzia mpaka kufungwa hadi rafu kujaa tena ilikuwa kama miaka minane. Ni mingi kwa mama mwenye watoto wa kuvalisha. Lakini iliisha.

Njia zina historia ndefu zaidi huku kuliko maduka. Kabla ya reli, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na kila mtemi ambaye ardhi yake ilipitiwa alidai hongo, ushuru wa kupita. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ilifungika. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikwama Tabora, kisha akalazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo. Misafara mingine nayo ilitafuta vichochoro vya msituni. Njia ikifungwa watu hawaachi kusafiri. Huzunguka, na mzunguko hulipiwa.

Mwaka 1977 mzunguko ulikuwa wa namna yake. Zamani abiria wa Tabora aliyekwenda Kisumu au Kampala alipanda treni hadi Mwanza, akashuka bandarini na kupanda meli ya shirika lilelile lililomleta. Meli zilizunguka ziwa lote: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Baada ya kuvunjika, vyombo vikagawanywa. Kulikuwa na meli mbili ndugu za kubeba mabehewa ya treni, zilizoundwa katika miaka ya 1960 nchi zikiwa zimetoka tu kupata uhuru, zikaitwa Uhuru na Umoja. Uhuru ilibaki Kisumu. Umoja ikabaki kwetu, Mwanza. MV Victoria nayo ikaja upande wa Tanzania. Reli ya kutoka Voi kuja Moshi ikakatika mpakani. Karakana kuu ya reli ilikuwa Nairobi, kwa hiyo shirika jipya la reli la Tanzania lilianza maisha likiwa na injini lakini bila mahali pazuri pa kuzifanyia matengenezo makubwa, ikabidi uwezo huo ujengwe Morogoro. Abiria wa Tabora aliyelala stesheni akisubiri treni iliyochelewa huenda hakujua kwamba sehemu ya ucheleweshaji ule ilianzia kwenye talaka ya Arusha.

Safari imepona kwa kiasi kikubwa, ingawa kwa kuchechemea. Jumuiya mpya ilitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, ikaanza rasmi tarehe 7 Julai 2000. Forodha ya pamoja ikaja 2005, soko la pamoja 2010, pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ikaanza kutolewa Tanzania 2018. Mkenya anaweza kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Kwetu bado anatakiwa awe na hati ya kusafiria. Na mikwaruzo haijaisha. Mwaka 2017 maofisa wetu waliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu. Januari 2024 nchi mbili zilizuiliana ndege kwa siku chache kabla ya kupatana. Ni mambo madogo ukilinganisha na 1977, na mengi humalizwa kwa simu moja ya rais kwa rais. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kutia wasiwasi: haki ya kupita inayotegemea simu ya wakubwa inaweza kuondolewa kwa simu hiyohiyo.

Nimeharakisha hapo kwa makusudi, maana nataka nafasi ya kutosha kwa wazee.

Jumuiya ilipokufa tarehe 30 Juni 1977, maelfu ya Watanzania walikuwa watumishi wake. Wengi walipokelewa na mashirika mapya ya nyumbani, wakaendelea na kazi ileile, mara nyingi kwenye meza ileile. Karani wa stesheni ya Tabora alilala mtumishi wa Afrika Mashariki akaamka mtumishi wa Shirika la Reli Tanzania. Mshahara uliendelea. Lakini miaka yake ya nyuma, kumi, kumi na tano, ishirini, ilikuwa imekatwa michango kwa ajili ya mifuko ya Jumuiya. Nani angelipa miaka hiyo? Mwajiri wa zamani alikuwa maiti, na warithi wake watatu walikuwa hawasalimiani.

Benki ya Dunia ilimteua msuluhishi, Mswisi Victor Umbricht, akazunguka kati ya nchi tatu kwa miaka kadhaa akihesabu mali na madeni. Mkataba wa usuluhishi ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Mgawanyo ukawa Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Juu ya wafanyakazi mkataba ulisema wazi kwamba kila nchi itawalipa raia wake waliokwisha kustaafu mafao yao, na itaweka akiba kwa ajili ya haki za wale waliokuwa bado kazini mpaka siku ya mgawanyo. Ukisoma maneno yale hutakuta kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa kwamba deni lilihama kutoka mfuko wenye fedha zake na kuingia katika hazina ya serikali iliyokuwa inatafuta sukari. Mstaafu akageuka kuwa mmoja wa wadai wengi waliopanga foleni mlangoni, na yeye hakuwa na kitu cha kumtishia mdaiwa wake. Mwenye mafuta anaweza kukataa kuleta meli nyingine. Mzee wa Sikonge angekataa nini?

Wazee wakaandika barua. Wakaunda kamati. Mwaka 2003 wakafungua kesi Mahakama Kuu, na Septemba 2005 serikali na wazee wakasaini hati ya maridhiano, wadai wakiwa zaidi ya 31,000. Hesabu yake ni fupi na ya kuumiza. Kutoka kuvunjika kwa Jumuiya hadi hati ile ni miaka 28. Aliyekuwa na miaka 50 mwaka 1977 alikuwa na 78. Aliyekuwa na 55, yaani karibu kabisa na kustaafu, alikuwa na 83, kama alikuwa hai. Na shilingi haikuwangoja. Mwaka 1977 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa kama shilingi 8. Mwaka 2005 ilipita 1,000. Kwa hiyo swali gumu halikuwa kama alipwe, ila alipwe shilingi ya mwaka gani. Kiasi ambacho mwaka 1977 kingeezeka nyumba kwa bati, kikihesabiwa kwa namba zilezile miaka 28 baadaye, hakitoshi nauli ya kukifuata.

Na kukifuata kulihitaji safari. Uhakiki ulitaka karatasi, na hapa ndipo bahasha ya khaki inapokuja. Ndani yake mzee aliweka barua ya ajira yenye nembo ya shirika ambalo halipo, namba ya utumishi, hati za mshahara zilizofifia wino, barua ya kuhamishwa kituo, labda picha ya pasipoti ya kijana mwenye nywele nyeusi. Mchwa wa nyumba za udongo hawajui thamani ya barua. Jina liliandikwa hivi na karani wa Nairobi, na vile na karani wa Tabora. Herufi moja ikatofautiana, mzee akaambiwa akaape kiapo mahakamani athibitishe kuwa yeye ndiye yeye. Aliyefariki, mjane wake alitakiwa kwanza afungue mirathi, akutane na mashemeji, apate barua ya usimamizi, ndipo aanze foleni. Mjane wa Dar es Salaam angeweza kwenda na kurudi kwa daladala. Wa Sikonge alihesabu nauli ya kufika Tabora, na pengine ya kufika Dar es Salaam, na mahali pa kulala, na nani ataangalia shamba.

Malipo yalitoka, ila ugomvi haukuisha. Wapo waliosema wamepunjwa, wapo waliosema wamerukwa, na kwa miaka iliyofuata wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakawa sura ya kawaida katika magazeti: wamekaa barabarani Dar es Salaam wamezuia magari, wazee wenye fimbo wakikabiliana na polisi. Nchi iliyofundishwa kumwamkia mzee shikamoo ilikuwa inawaangalia wazee wake wakilala lami. Kenya na Uganda nako wazee hawakusalimika. Wakenya zaidi ya 700 waliofanya kazi shirika la ndege la Jumuiya walikwenda kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, wakidhani kwamba mtoto aliyerithi jina atarithi na deni. Mwaka 2011 Mahakama iliamua kwamba mkataba ulioanza kufanya kazi mwaka 2000 hauwezi kurudi nyuma kuhukumu mambo ya 1977 na 1984. Kisheria naelewa. Kiutu, siwezi kuusoma uamuzi ule bila kuinamisha kichwa.

Tukigeukia Uingereza sasa, tofauti inaonekana vizuri zaidi. Walitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba mwaka huo. Kwa ununuzi, kifurushi kilichoagizwa Ujerumani kikaanza kufika na tozo ya forodha na kodi ya ongezeko la thamani, na baadhi ya wauzaji wadogo wa Ulaya wakaacha kabisa kuuza Uingereza. Kwa safari, Mwingereza akaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180 kwenye nchi za Schengen, akapanga foleni ya wageni, na hata sandwichi ya nyama ikanyang'anywa mpakani, kama walivyofanya maofisa wa forodha wa Uholanzi Januari 2021. Ni usumbufu wa kweli. Kwa macho ya aliyeishi na daftari la balozi wa nyumba kumi ni usumbufu mwepesi, lakini kila mtu huumia kutoka pale alipokuwa amesimama.

Kwa wastaafu, ambao maelfu yao wanaishi Hispania, Ufaransa na Ureno, mkataba wa kujitoa uliandikwa kabla mlango haujafungwa. Aliyekuwa ameshahamia huko kihalali mpaka mwisho wa 2020 alilindwa: makazi yake, matibabu yake, na nyongeza ya kila mwaka ya pensheni yake ya serikali. Waliopoteza ni wale waliokuwa wakikaa nusu mwaka huku nusu mwaka kule bila karatasi za ukazi, na vijana ambao sasa wakitaka kuzeekea huko itabidi waombe viza na waonyeshe kipato. Hasara ipo. Lakini hakuna mzee wa Kiingereza wa Alicante aliyengoja miaka 28 kujua anamdai nani. Hilo halikutokana na huruma ya Waingereza kuzidi yetu. Umoja wa Ulaya ulikataa kuzungumza biashara ya baadaye kabla ya mambo matatu kupiga hatua ya kutosha, na haki za raia zikiwa mojawapo. Mstaafu aliwekwa mbele ya mfanyabiashara kwenye ajenda, na kwa kuwa mfanyabiashara alikuwa na haraka, mstaafu alishughulikiwa.

Mtu asidhani kwamba serikali ya London ina moyo huo kwa kila mtu wake. Mwingereza aliyestaafia Kenya au Tanzania pensheni yake ya serikali hugandishwa pale ilipoanzia, bila nyongeza ya mwaka, kwa sababu hakuna mkataba unaolazimisha. Mwenzake wa Hispania hupata nyongeza. Umri ni uleule, michango ni ileile; kinachowatenga ni karatasi iliyosainiwa au isiyosainiwa. Mzee wa reli wa Tabora angemwelewa.

Brexit ilitugusa pia moja kwa moja. Julai 2016, wiki chache baada ya kura ile, Tanzania ilitangaza kwamba haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ikitaja kujitoa kwa Uingereza kuwa mojawapo ya sababu. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba. Baadaye Kenya ikatengeneza mkataba wake yenyewe na Uingereza Desemba 2020, kisha na Umoja wa Ulaya Desemba 2023. Jumuiya iliyokusudiwa kuzungumza kwa sauti moja ikajikuta kila mmoja na mlango wake. Asali, nta na tumbaku kutoka mkoa huu bado vinaweza kuingia Uingereza bila ushuru, kwa kuwa Tanzania iko kwenye kundi la nchi maskini zaidi linalopewa nafuu hiyo, na mpango wa Uingereza wa sasa ulianza Juni 2023. Ila nafuu hutolewa na mwenye nayo, na anaweza kuiondoa; mkataba huwafunga wote wawili.

Jumuiya yetu ya leo ina nchi nane, kuanzia Somalia iliyoingia mwaka 2024 hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliyoingia 2022. Mkataba wake una kifungu cha kujitoa, kitu ambacho wengi hawakijui: nchi inayotaka kuondoka lazima azimio lipite bungeni kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe notisi ya miezi 12, na itaendelea kubeba wajibu ilioupata ikiwa mwanachama. Ni hatua kubwa kuliko siku ile ya Februari 1977. Lakini wajibu unaotajwa pale ni wa nchi kwa Jumuiya. Mfanyakazi hatajwi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliahidi kanuni za kuratibu hifadhi ya jamii kwa watu wanaofanya kazi nchi moja na kustaafia nyingine, na ahadi hiyo bado haijawa utaratibu ambao kinyozi au mwalimu wa kawaida anaweza kuuendea dirishani akahudumiwa.

Wakati huohuo reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, na kutoka Tabora kwenda Isaka na Kigoma, na tawi la Uvinza linaelekea Musongati, Burundi. Karani kijana atakayeajiriwa siku moja kuhudumia treni ya kuvuka mpaka ule atakatwa mchango wake kila mwezi, kama babu yake alivyokatwa. Bunge la Afrika Mashariki lina nafasi ya kuandika sasa, nchi zikiwa bado zinasalimiana, ni mfuko gani utamlipa, kwa thamani ya mwaka gani, na kwa siku ngapi baada ya mwajiri wake kuvunjika. Mwaka 1967 hakuna aliyeliandika hilo.